Mama Amepumzika

Sehemu ya tisa

Juma lililopita tulimwacha Wairimu kwenye foleni ya kushuka meli bandarini Baltimore, mkono mmoja umeshika sanduku, mwingine umebana pochi yenye simu kwapani kama mtu aliyeficha kitu cha wizi. Wengine mmeniandikia mkiuliza, si angeitupa tu hiyo simu baharini yaishe? Haya. Angeitupa, leo mngekuwa mnasoma matangazo ya viwanja kwenye ukurasa huu.

Kwa aliyechelewa, nitasema upesi. Wairimu ni mlezi wa wazee kule Woodbridge, Virginia. Mumewe, Nehemiah Kiplagat, anapakia mizigo kwenye ghala Landover. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, hawajawahi kupumzika pamoja hata Jumamosi moja. Mara tatu walipanga safari, na mara tatu simu ikalia kutoka Kapsabet, kwao Nehemiah. Mama ameanguka. Mama amelazwa. Mama anasema anakufa leo. Mara zote tatu Nehemiah alipanda ndege, na mara zote tatu alimkuta Mama ameketi kitandani anadai chai.

Kwa hiyo mwaka huu walipopata nafasi ya kwenda na meli kutembea visiwa vya Karibi, walikubaliana. Simu ya Nehemiah ilizimwa na kufungiwa kwenye sefu ya chumba. Wairimu akabaki na yake, eti kwa ajili ya binti yao Chepngetich aliye chuoni Ohio.

"Kwa siku kumi na moja," Wairimu alisema, "mimi ni mke wa mtu. Si nambari ya dharura ya mtu yeyote."

"Sawa, Mama Chep," Nehemiah akacheka. "Hata dunia ikiisha, watupigie tukirudi."

Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, maskini ya Mungu.

Meli ile ilikuwa na waifai ya kulipia, lakini Wairimu hakuitaka kabisa, maana aliogopa isije ikamletea wifi. Na wifi akaja hata hivyo. Alikuja Ijumaa, kisiwani St. Thomas, ambako laini za Marekani hushika.

Nehemiah siku hiyo alikuwa amevaa shati la maua. Mtu huyu huyu ambaye huenda na koti la kazi hata harusini! Alisimama kwenye kibanda cha mama mmoja muuza kofia za ukindu, anazijaribu moja moja kichwani huku anacheka hovyo.

"Mama Chep, hii itamtosha Mama?"

Wakati huo huo simu ikatetemeka pochini. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Chepkoech, dada yake Nehemiah, dakika moja na sekunde kumi na mbili. Chini yake ameandika: *Hii ni ya Mama. Nehemiah akutafsirie.*

Wairimu akaiweka sikioni. Ilikuwa sauti ya mama mkwe, nyembamba, inakwaruza, kwa Kinandi. Wairimu ni Mkikuyu wa Nyahururu, na Kinandi chake kinaishia kwenye salamu na kukaribishwa chai. Lakini kwenye sekunde ya nne alisikia neno analolijua vizuri sana. *Wairimu.*

Akaizima.

Ndiye huyo, alisema moyoni. Amenifuata mpaka huku. Ananisema, tena anataka mume wangu mwenyewe anitafsirie matusi!

Msimwone mbaya bado. Miaka mitatu nyuma, Krismasi kule Kapsabet, mama mkwe alipovunjika nyonga, Wairimu alipiga magoti mbele yake na beseni la maji moto na kitambaa, ili amwoshe. Kazi anayoijua kuliko zote. Mama mkwe akausukuma mkono wake, maji yakamwagika yote sakafuni, na Chepkoech akatafsiri kwa Kiswahili bila kupunguza hata neno: "Anasema mkono unaoosha wazungu kwa mshahara usimguse." Tangu siku hiyo Wairimu na mama mkwe hawakuzungumza.

"Si nimekuuliza?" Nehemiah aligeuka na kofia kichwani. "Itamtosha?"

"Itamtosha," Wairimu akasema, na simu ikarudi pochini.

Jumamosi wakawa St. Maarten, ufukweni, mahali ambapo ndege hupita chini mpaka watu wanashika kofia zao. Nehemiah alikuwa majini anapiga kelele kama mtoto. Simu ikashika mtandao wa bure wa mgahawa. Maneno mawili tu kutoka kwa Chepkoech: *Mama amepumzika.*

Sasa hapa nataka mnielewe. Kule wanakofanyia kazi, Wairimu na rafiki yake Euphrasia hupokezana zamu kwa Kiswahili. "Bibi wa chumba cha nane amekula, amebadilishwa, amepumzika." Maana yake amelala, usimwamshe. Neno hilo hutoka mdomoni mwake mara ishirini kwa siku.

Akasoma, akashusha pumzi. Bibi amepata usingizi. Akajibu: *Asante Yesu. Mwacheni apumzike. Msimsumbue. Tukirudi tutapiga.*

Kisha akasoma tena yale maneno mawili. Kwa nini alisoma mara ya pili? Hilo mimi sijui, na nilipomuuliza alilia tu. Halafu akaizima simu kabisa, na kwa siku tatu za baharini hakuiwasha.

Basi. Sasa twende nao nyumbani.

*

Jumatano asubuhi. Gari walikuwa wameliacha kwenye maegesho ya bandari. Nehemiah akaweka masanduku nyuma, kofia ya Mama akailaza dirishani kwa nyuma isije ikakunjika, na simu yake iliyozimwa tangu waondoke, sasa imeisha chaji, akaichomeka.

"Nimekuwa mtu mpya, Mama Chep," alisema wakishika barabara. "Haki ya nani. Mgongo hauumi. Nikifika nampigia Mama, namwambia nimeona mahali ndege inapita juu ya kichwa. Atasema mimi ni mwongo."

Wairimu akatazama nje.

Walipokaribia Landover simu ikafufuka. Ikalia mara moja. Ikalia mara mbili. Halafu haikunyamaza tena, ikawa inatetemeka mpaka ikaanguka chini ya kiti.

"Wee! Ghala wamenikosa hivyo?" Nehemiah akacheka. "Nisomee, nisije nikatugonga."

Wairimu akaiokota. Ujumbe wa juu kabisa ulikuwa wa mtu wa kanisani. Akafungua mdomo asome.

"Pole sana kaka Nehemiah. Tumepokea kwa huzuni habari kwamba Mama ame..."

Mdomo ukabaki wazi. Neno lilikuwa lile lile, herufi zile zile. Lakini sasa lilikuwa limekuja na pole.

"Mama amefanya nini?"

"Ni... ni matangazo tu."

"Matangazo yanajua jina langu? Soma, Wairimu!"

Hakusoma. Nehemiah akakata kona, akatoka barabara kuu, akasimamisha gari kando ya uzio wa ule uwanja mkubwa wa mpira. Akamnyang'anya simu. Akasoma kimya, kidole kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka.

"Jumamosi," alisema mwishowe. "Alikufa Jumamosi."

"Baba Chep..."

"Wamemzika jana."

Akaweka simu juu ya paja taratibu, kama kikombe kilichojaa. Kisha akalia. Sijui kama mmewahi kumwona mwanamume wa miaka hamsini na mbili, amevaa shati la maua, akilia kwenye usukani. Yeye ni mziwanda. Kwao, udongo wa kwanza kwenye kaburi la mama hutupwa na mkono wa mziwanda. Mkono huo Jumanne ulikuwa baharini, umeshika sahani ya matunda.

Baadaye akajifuta kwa mkono wa shati.

"Yako ilikuwa wazi," alisema. "Hawakukuandikia?"

Ndipo Wairimu alipoungama. Nusu.

Aliitoa simu yake, akamwonyesha ujumbe wa Jumamosi, na kidole gumba chake kikawa kimefunika pale juu penye ujumbe wa Ijumaa. Nehemiah akasoma *Mama amepumzika*. Akasoma jibu.

"Asante Yesu?"

"Nilidhani amelala. Haki, Baba Chep, nilidhani amepata usingizi! Si unajua kazini tunasema hivyo? Muulize Euphrasia!"

"Asante Yesu," Nehemiah akarudia. "Mama yangu amekufa, wewe unasema asante Yesu. Mwacheni apumzike. Ndiyo maana hawakungoja. Walidhani tumewaruhusu wazike."

"Ni neno, Nehemiah. Ni neno tu lilinidanganya."

Alimtazama kwa muda mrefu. Wairimu alingoja atukanwe. Angalau angetukanwa, angepumua.

"Ni neno," Nehemiah akasema. "Sikulaumu. Angekuandikia Kinandi usingesoma, ameandika Kiswahili umesoma vibaya. Ni bahati yangu mimi." Akawasha gari. "Unajua kinachoniuma? Si udongo. Udongo wametupa wengine. Kama ningeisikia sauti yake mara moja tu, Wairimu. Mara moja. Hata kama ananigombeza."

Na sauti ilikuwa pale pale, kwenye mapaja ya mkewe. Dakika moja na sekunde kumi na mbili.

Mwambie, Wairimu! Si amekufungulia mlango mwenyewe?

Nitamwambia tukivuka daraja, alijisemea. Wakavuka daraja la mto Potomac. Nitamwambia tukipita Springfield. Springfield ikapita. Nitamwambia tukizima gari. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo ilikuwa na foleni, na bado hakusema.

*

Nyumbani Woodbridge magari yalikuwa yamepaki pande zote mbili za barabara. Euphrasia, Mtanzania wa Bukoba anayekaa nyumba ya pili, ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alikuwa amewafungulia watu, amepanga viti, amechemsha chai, sufuria la wali liko jikoni. Akatoka na khanga kiunoni, akamkumbatia Nehemiah, kisha akamvuta Wairimu mpaka kwenye kichumba cha mashine ya kufulia na kufunga mlango.

"Pole mwaya. Pole sana. Lakini shoga, uso wako si wa msiba. Huo uso wa mtu aliyevunja kitu. Una nini?"

Wairimu akamwambia yote. Ijumaa na Jumamosi. Kofia. Jina lake kwenye sekunde ya nne. Aliyasema haraka haraka, kama anatapika.

Euphrasia akaketi juu ya mashine.

"Jamani, Wairimu. Sauti ya marehemu unayo, na mwenye mama yuko sebuleni anaililia?"

"Ananitukana humo ndani, Euphrasia. Nilisikia jina langu."

"Kwa hiyo? Atakutukana mara ngapi tena? Ameshakufa!"

"Mbele ya watu wote wale?"

"Mpe hapa hapa, faraghani. Ngoja nimwite. Mficha uchi hazai, mdogo wangu."

Wairimu alikuwa amefungua simu. Alibonyeza ule ujumbe, akashikilia, na neno likajitokeza chini ya kioo. *Futa.* Kidole kikasimama juu yake.

"Usithubutu," Euphrasia akanong'ona.

"Haitajulikana."

"Nimejua mimi."

Hapo ndipo Nehemiah alipoita kutoka sebuleni. "Mama Chep! Njoo, Chepkoech yuko hewani!"

Kidole kikatoka juu ya neno. Si kwamba alitubu, msimsifu bure. Aliitwa tu.

Sebuleni watu kama kumi na tano walikuwa wamekaa kimya, vikombe mikononi. Simu ya Mzee Solomon, mzee wa kanisa na Mnandi mwenzao, ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na uso wa Chepkoech umejaa kioo kizima, kitambaa cheusi kichwani. Kaka na dada walikuwa wameshalia. Sasa walikuwa wanaongea kwa ile sauti ya baada ya kulia.

"Nimepiga na simu ya kijana wangu Kimutai," Chepkoech alikuwa akieleza. "Yangu waliiba jana kaburini. Watu wanainama kuomba, wengine wanapapasa mifuko. Kila kitu kimeenda. Picha za Mama hospitalini, sauti yake, kila kitu."

Wairimu akasikia hilo vizuri. Kila kitu kimeenda. Maana yake sauti ile sasa iko mahali pamoja tu duniani.

Nehemiah akampisha kwenye kochi. "Mama Chep amefika. Msalimie."

Chepkoech hakusalimu.

"Mama Chep, nataka nikuulize kitu, na kaka yangu asikie. Jibu lako tulilisoma mbele ya ukoo. *Asante Yesu. Msimsumbue.*"

"Ilikuwa makosa," Nehemiah akadakia. "Nimekueleza. Lile neno lilimchanganya."

"Sawa, la Jumamosi lilimchanganya. Na la Ijumaa?"

"Ijumaa gani?"

"Nilimtumia sauti. Mama mwenyewe aliongea, mimi nimeshika simu mdomoni kwake. Nikaandika chini, Nehemiah akutafsirie. Tulingoja jibu usiku kucha." Chepkoech akasogea mpaka macho yake tu yakabaki kwenye kioo. "Mama Chep, ile sauti ilifika, ama haikufika?"

Mtu mmoja akaweka kikombe chini.

Ingekuwa rahisi. *Haikufika, wifi, meli haikuwa na mtandao.* Simu ya Chepkoech imeibiwa, nani atashuhudia? Euphrasia peke yake, na Euphrasia amesimama mlangoni, mikono kifuani, anamtazama rafiki yake bila kupepesa.

Wairimu alikuwa ameshalianza neno mdomoni. Ha...

Lakini Nehemiah alikuwa amemgeukia. Na hakuwa na hasira. Hapo ndipo Wairimu aliposhindwa. Mwanamume yule alikuwa na tumaini usoni, tumaini la mtoto anayeona mama yake anarudi kutoka sokoni.

"Sauti ya Mama?" aliuliza taratibu. "Ipo?"

Akanyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa wake.

"Ilifika," Wairimu akasema. "Nilikuwa nayo tangu Ijumaa. Ulipokuwa unanunua kofia. Nilisikia jina langu nikaizima. Nilikuficha, Baba Chep."

Akamwekea simu mikononi.

Nehemiah alibonyeza.

Sauti ya mama mkwe ikajaa sebule. Nyembamba, inakwaruza. Sekunde ya nne, *Wairimu*. Wairimu akafumba macho, akangoja. Alipofumbua, Mzee Solomon alikuwa ameinamisha kichwa, na mama mmoja wa Kinandi aliyekaa karibu na dirisha amejifunika mdomo kwa kiganja.

Nehemiah akasimamisha.

"Ananitukana?" Wairimu akauliza.

"Hii si yangu," Nehemiah akasema. Sauti yake haikuwa na kitu ndani. "Mama haongei na mimi. Anaongea na wewe."

"Anasema nini?"

Akairudisha mwanzo. Akawa anachezesha kipande, anasimamisha, anatafsiri, bila kumtazama mkewe.

"Anasema, *Mke wa mwanangu, Wairimu. Nimeambiwa uko juu ya maji, unapumzika. Ni vizuri. Umefanya kazi sana.*"

Akabonyeza. Akasimamisha.

"*Niko hospitali, wasichana wa hapa wananigeuza kama gunia. Sasa nimejua kazi yako ni kazi. Mkono wako niliusukuma kwa ujinga wangu.*"

"Basi," Wairimu akasema. "Basi, Nehemiah, inatosha."

Hakuacha.

"*Nikienda, watu wa mochari wasinioshe. Waambie wanisubirishe. Wairimu aje anioshe yeye. Mkono wake unajua.*"

Nehemiah akainua uso, akatazama ile simu nyingine iliyoegemea chupa ya chai.

"Chepkoech. Nani alimwosha Mama?"

Chepkoech alikuwa analia waziwazi sasa. "Tulikataa asiguswe, kaka. Jumamosi tangu asubuhi tulisema mke wa Nehemiah anakuja. Ndipo jibu likaja. Msimsumbue. Wazee wakasema, basi amekataa. Amekataa na kushukuru."

"Nimekuuliza, nani alimwosha?"

"Mochari. Vijana wa mochari. Sisi hawakuturuhusu hata kuingia."

Wairimu alitazama mikono yake. Mikono iliyowaosha bibi wa chumba cha nane, na wa tisa, na wa kumi, watu ambao watoto wao huja Krismasi tu. Alitaka kusema samahani, lakini samahani angemwambia nani? Maji yameshamwagika, na safari hii beseni alilisukuma yeye.

"Baba Chep," akasema. "Niue."

Nehemiah alikuwa anatazama kioo cha simu. Sauti ile ilikuwa haijaisha. Zilibaki sekunde kumi na tisa.

"Kaka," Chepkoech akasema haraka, machozi yamekatika ghafla. "Kaka, ngoja. Hapo mwisho usimtafsirie."

Nehemiah akabonyeza.

Sauti ikarudi, sasa chini zaidi, ya mtu aliyechoka, maneno yanakuja moja moja. Wairimu alimtazama mumewe usoni, maana hapo ndipo pekee alipoweza kusoma kitu. Akauona uso ukibadilika. Mwanzo ulishangaa. Halafu ukageuka, ukamtazama yeye, Wairimu, kama mtu anayemwona mgeni ndani ya nyumba yake. Halafu ukafunga kabisa.

Sauti ikakatika. Mama aliyekaa dirishani akasimama, akaelekea jikoni.

"Amesema nini?" Wairimu akauliza.

Nehemiah akainuka. Akaitia simu ile mfukoni mwa shati la maua. Akachukua funguo za gari mezani.

"Nehemiah, amesema nini?"

Akapita katikati ya viti, watu wakimpisha. Euphrasia pale mlangoni alijaribu kumshika mkono. "Shemeji, usiendeshe na hali hiyo, keti kwanza." Akautoa mkono wake polepole, kwa heshima, akatoka.

Wairimu akamgeukia Mzee Solomon. Akapiga magoti mbele yake, pale pale kwenye zulia.

"Mzee wangu, wewe umesikia. Nakuomba. Amesema nini?"

Mzee Solomon akaivuta simu yake kutoka kwenye chupa ya chai. Uso wa Chepkoech ulikuwa umeshaondoka, kioo kimekuwa cheusi.

"Binti yangu," alisema, "hilo atakuambia mwenye mama. Akitaka."

Nje gari likawaka.

Wairimu alikimbia bila viatu. Alipofika barazani gari lilikuwa linapinda kona, kofia ya ukindu inaonekana dirishani kwa nyuma, na simu yake imeondoka nalo. Akasimama pale, majirani wanapita na mbwa wao wanamsalimia kwa mkono. Miaka ishirini na miwili ameolewa na Wanandi, na katika maneno yote ya mwisho ya mama mkwe wake alikuwa ameelewa neno moja tu, lililokuja pale pale mwisho kabisa, kabla sauti haijakatika. Lilikuwa jina la binti yake, Chepngetich.